Bembea Kwenye Shamba la Viazi

Nusu ya watu wazima wa mji wetu wa Norden Falls walilelewa barazani kwa Ardis Kvamme, na nusu hiyo haiwezi kubishana naye hadharani. Utabishanaje na mtu aliyekufuta kamasi ukiwa na miaka mitatu, na ambaye bado anakumbuka ulikuwa unalilia nini? Mwenyekiti wa baraza la mji wetu, Duane Pribyl, ana tumbo na sauti ya kutosha kutisha watu, lakini Ardis akiingia ofisini kwake huvua kofia.

Kazi yake ni kulea watoto wa wenzake. Alianza mumewe alipokuwa akiendesha lori la maziwa, na mume alipokufa hakuona sababu ya kuacha. Wazazi huwaacha watoto kwake asubuhi wakielekea kwenye kiwanda cha jibini, huwachukua jioni, na katikati hapo watoto hula viazi, hulala, hupigana na hupatanishwa. Hapokei zaidi ya watatu kwa wakati mmoja. Ukizidisha hapo, serikali ya jimbo letu la Wisconsin inataka uwe na leseni na inakutumia wakaguzi, na Ardis hataki mgeni apime joto la friji yake. Anasema yeye mwenyewe ndiye mkaguzi. Ni kweli: anakaa kwenye kiti chake mbele ya dirisha, na barabara nzima hakuna kinachompita.

Miaka kadhaa iliyopita baraza letu lilipitisha sheria ndogo. Mtu yeyote aliyeandikwa kwenye orodha ya serikali ya waliowaharibu watoto asiishi ndani ya futi elfu mbili kutoka shule, bustani ya kuchezea, maktaba au kituo cha kulea watoto chenye leseni. Aliyekwisha kukaa kabla hahamishwi, mpya haingii. Miji yote jirani ilikuwa na sheria ya namna hiyo, na sisi hatukutaka kuwa shimo ambalo maji ya kila mtu yanatiririkia. Ardis aliiunga mkono kwa mikono miwili. Karani akachora ramani yenye maduara mekundu kuonyesha palipokatazwa na kuitundika ofisini, na maduara hayo yalifunika mji mzima isipokuwa kipande kimoja cheupe mashariki. Barabara ya Ardis ilikuwa humo, maana nyumba yake haina leseni, na kisichokuwa na leseni hakichorewi duara. Sote tuliiona ile nafasi nyeupe, na hakuna aliyeuliza neno.

Aliyekuja kuitumia ni Hedy Brauer.

Hedy anakaa ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na Ardis, na kila Jumatano kwa miaka arobaini wamecheza karata na kutukanana. Jumatano moja ya mwezi wa nne, theluji ikiwa imebaki kwenye vivuli tu, Hedy alikuja na fimbo yake ya kutembelea, akakaa, asiguse karata.

"Lyle anatoka," alisema.

Ardis alimjua Lyle kwa jina. Ni mtoto wa kaka yake Hedy, alikuwa akiishi mji mwingine, na alifungwa miaka kumi na minne kwa kumharibu mtoto wa mkewe, binti wa miaka tisa, ndani ya nyumba yao wenyewe.

"Anatoka aende wapi?"

"Kwangu."

"Hedy, umechanganyikiwa?"

"Nyonga yangu imekufa, shoga. Kuni siwezi kubeba, theluji siwezi kuondoa. Ofisa wake wa uangalizi ameitazama ramani, anasema kwangu ni halali. Jumatatu wiki ijayo analetwa. Nimekuja nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu."

"Una macho wewe? Umeona nani wanacheza pale barazani?"

"Nimewaona. Na yeye nimemwona, nimekwenda kumtembelea kila mwezi, wewe hujamwona hata siku moja. Ni damu ya kaka yangu. Nimtupe?"

"Mtupe," alisema Ardis. "Mimi simtaki."

Hedy alichukua fimbo yake akaondoka, na karata zikabaki mezani jinsi zilivyogawiwa. Ardis aliumia, tusidanganyane. Lakini aliwatazama wale watatu wake, Milo, Signe na yule mdogo wa Britta anayeng'ata watu, akajua kwamba huruma kwa Hedy ni kitu kimoja na mtu yule kukaa hatua chache kutoka kwa watoto hawa ni kitu kingine. Alivaa koti akaenda kwa Duane.

"Mama Ardis, sheria ni sheria," alisema Duane, akiisogeza kofia yake mezani. "Kwako hakuna duara."

"Nichoree basi."

"Leseni inachukua miezi. Yeye anakuja Jumatatu."

"Bustani ya watoto inachukua muda gani?"

Duane aliacha kuchezea kofia.

"Kile kiwanja changu cha viazi, kando ya nyumba," alisema Ardis. "Nakipa mji. Bure. Wekeni bembea, wekeni kibao, chora duara lako."

Duane alianza kucheka taratibu, kisha akacheka sana, kama alivyokuwa akicheka utotoni akifurahi kupita kiasi na kuishia kukohoa. Miji mingine ilikuwa imefanya hivyo, alisema, bustani ndogo kama leso, na mahakama hazikusema kitu. Siku ya Alhamisi jioni baraza lilikaa kikao cha dharura. Mtu akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, wote wakapiga makofi, na shamba la viazi likawa mali ya umma bila sauti hata moja ya kupinga.

Jumamosi ile ilikuwa sikukuu. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na anayejidai leo kwamba alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo ni mwongo. Wazima moto walikuja na lori lao. Wanaume walichimba mashimo kwenye udongo uliokuwa bado mgumu kwa barafu chini, wakamimina zege, wakasimamisha bembea kuukuu iliyotolewa nyuma ya kanisa la Walutheri na kupakwa rangi ya manjano. Wanawake walileta soseji, saladi ya viazi na keki za trei. Kulikuwa na bia kabla ya saa nne asubuhi. Ardis mwenyewe alishika uma wa shamba akang'oa yale mabua mekundu yaliyoota ukingoni mwa shamba, anayoyapikia pai, yale aliyoachiwa na mama yake, akayatupa kwenye toroli bila kuyatazama mara mbili.

"Hutaki tuyapande kwingine?" Britta aliuliza. Britta ndiye mama wa yule mng'ataji.

"Pai ninaweza kununua," alisema Ardis.

Kibao kilisimamishwa alasiri. Duane alipiga picha, karani akachora duara, na kipande cheupe kwenye ramani kikafutika. Ng'ambo ya barabara pazia la Hedy lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Likafunguka jioni, watu walipokwisha kutawanyika, na Hedy akatoka mwenyewe, polepole, akavuka hadi kwenye bembea. Aliishika nguzo kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Kazi nzuri," alisema.

"Hedy, usinifanye mtu mbaya. Nina watoto wa watu."

"Sijasema wewe ni mbaya. Ofisa amenipigia simu. Amesema watamtafutia pengine."

"Wapi?"

"Ameniambia patapatikana. Huwa panapatikana, Ardis. Mtu hawezi kuning'inizwa hewani."

Ardis alilala vizuri usiku huo. Alikuwa ametimiza alichotaka, kwa mikono yake na kwa ardhi yake, na kama bei yake ilikuwa karata za Jumatano, basi alikuwa amelipa. Jumatatu ilipita bila gari lolote kusimama kwa Hedy. Watoto walibembea hadi Signe akatapika.

Alhamisi, binti yake alipiga simu.

Janelle anakaa Arbor, nje kidogo ya mpaka wa mji wetu, dakika chache kwa gari. Arbor ni mashamba na misitu, haina baraza la maana, haina polisi wake, haina sheria ndogo yoyote. Janelle na mumewe walipapenda kwa ajili hiyo. Mtoto wao, Annika, ana miaka sita.

Walizungumza mambo ya kawaida. Kisha Janelle akasema, "Eti mama, ile nyumba ya trela ya kina Nygaard, pale mwisho wa barabara yetu, imepata mpangaji. Mwanamume mmoja, mkimya. Jana ameniinulia mkono."

"Ana umri gani?"

"Hamsini na kitu. Mbona?"

"Ana gari?"

"Hana. Mama, mbona unaniuliza hivyo?"

Ardis alikaa chini. Basi la shule husimama mbele ya ile trela. Ni pale Annika anaposubiri kila asubuhi. Hakuna aliyemjulisha Janelle, kwa kuwa huko hakuna polisi wa kupita nyumba kwa nyumba kuwaonya majirani. Alimwambia bintiye yote, neno kwa neno, akasikia upande wa pili kilio, kisha kile alichokuwa akikiogopa.

"Mlimfukuza huko mkamleta kwangu?"

"Hatukumleta—"

"Mlidhani atakwenda wapi, mama? Mwezini?"

Ardis aliwaacha watoto kwa Britta, aliyekuja kumchukua wake, akaingia kwenye gari lake, akaenda Arbor. Alikuwa na hasira, na sitaki kumpamba: hasira yake ilikuwa kwa Lyle, siyo kwake mwenyewe. Alisimamisha gari mbele ya trela, akapanda ngazi, akagonga kwa ngumi.

Aliyefungua alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mvi, aliyerudi nyuma mara moja akaacha mlango wazi kabisa. Mguuni alikuwa amefungwa kile kifaa cha serikali cha kuonyesha alipo.

"Mimi ni Ardis Kvamme."

"Najua," alisema. "Shangazi alinionyesha picha yako."

"Mtoto wa ile nyumba nyeupe ni mjukuu wangu. Nimekuja ujue kwamba najua. Ukimsogelea—"

"Alikuja hapa," alisema Lyle.

Ardis alishika ukingo wa mlango.

"Juzi. Alikuwa anasubiri basi. Aligonga akaniuliza kama nimeona paka wake. Nikafunga mlango. Nikaenda jikoni nikakaa sakafuni mpaka nikasikia basi limeondoka. Sikumgusa, sikumjibu. Nimempigia ofisa wangu nikamwambia. Amesema nimefanya vizuri, na hana pengine pa kuniweka." Alisema haya yote akitazama sakafu. "Mwambie mama yake. Nilitaka kwenda kumwambia mwenyewe, lakini siruhusiwi kugonga pale."

"Kwa nini hukumwambia mtoto paka hayupo, basi?" Ardis aliuliza, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, ilikuwa kali na ya kijinga.

"Kwa sababu siongei na watoto, mama. Hata neno moja. Ndivyo ninavyoishi."

Kulikuwa na meza moja ndani, kiti kimoja, na dirisha moja kubwa lililofunikwa kwa blanketi.

"Unajificha," alisema Ardis.

"Hapa ndiyo, najificha. Sikutaka kuja hapa. Ile nyumba ya shangazi niliiomba mwenyewe."

"Uliiomba, karibu na watoto wadogo?"

"Niliiomba kwa sababu yako." Sasa alimtazama. "Shangazi aliniambia kuna mwanamke ng'ambo ya barabara, hakuna kinachompita, atakuwa anakutazama asubuhi hadi usiku na hatakupenda. Nikasema hapo ndipo pangu. Miaka yote ile mwalimu wetu gerezani alitufundisha jambo moja: usikae mahali ambapo hakuna anayekujua. Nilichokifanya nilikifanya kwenye nyumba ambayo kila mtu aliniamini. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Na hapa hakuna."

"Usinitwishe mzigo wako," alisema Ardis.

"Sikutwishi. Umeniuliza, nimekujibu."

Alirudi kwenye gari akakaa bila kuwasha. Hakumwamini, na hilo lazima lieleweke. Ardis si mtu wa kulainishwa na maneno mazuri ya mtu aliyetoka jela. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na yeye, aliyelea watoto maisha yake yote, alilijua hilo kuliko baraza zima: anayeharibu watoto mara nyingi ni yule tusiyemtazama. Alikuwa na macho mazuri kuliko mtu yeyote mji huu, na kwa jembe na zege na furaha kubwa alikuwa amemwondoa mtu huyu mbele ya macho hayo na kumpeleka kwenye kituo cha basi cha mjukuu wake. Alijitukana kwa sauti kubwa, kwa Kinorwe cha bibi yake.

Jumanne baraza lilikaa. Ukumbi ulijaa, maana habari ilikuwa imeshavuja. Ardis alisimama bila kuinua mkono.

"Nataka shamba langu la viazi."

Duane alivua kofia. "Mama Ardis, ni mali ya umma sasa."

"Basi ng'oeni bembea, mbakishe majani. Ondoeni kibao. Futa duara, Duane, arudi kwa shangazi yake."

Kelele zilizuka. Britta alisimama, uso umemwiva. "Wewe ndiye uliyemfukuza! Hata wiki mbili hazijaisha!"

"Mimi ndiye. Nilikosea."

"Akirudi pale, mwanangu sikuletei tena!"

"Usimlete. Nitapata nafasi zaidi ya kumtazama." Watu wachache walicheka, lakini Ardis hakuwa anachekesha. "Nisikilizeni. Tulijenga ile bembea tusimwone, na kweli hatumwoni. Mjukuu wangu amegonga mlango wake peke yake asubuhi, na katika mji huu wote hakuna mwenye macho aliyekuwa akitazama. Mimi nataka nimwone. Nataka akitoka kuchukua gazeti nimwone, akirudi nimwone, na ajue nimemwona. Nyinyi mnataka duara. Duara halina macho."

"Mama," Duane alisema kwa upole, "watu wana hofu."

"Hata mimi nina hofu, mwanangu. Unadhani nimesimama hapa kwa sababu sina?"

Walipiga kura. Hakuna aliyeinua mkono upande wake hata mmoja, na Duane alihesabu akiangalia meza. Bembea ikabaki. Watu walitoka bila kumtazama, na wale aliowalea walikuwa wa kwanza kutoka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Ardis alikuwa amewashinda kwa haki akashindwa kwa mikono, na iliuma. Alimwambia Duane hivyo mwenyewe, bila kuficha neno, pale pale kwenye ngazi za ukumbi.

Kisha akarudi nyumbani, akavuka barabara hadi kwa Hedy akagonga.

"Kesho asubuhi uwe umevaa," alisema. "Unakuja na mimi Arbor."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Hedy aliegemea fimbo yake. "Mtoto mdogo wa Britta je?"

"Britta ameshamwondoa kwangu, kwa hasira tu. Na wengine hawaji mpaka saa mbili. Una kitu kingine cha kufanya?"

Asubuhi ilikuwa na ukungu. Ardis alisimamisha gari ukingoni mwa barabara, kati ya kituo cha basi na trela, akazima injini, akampa Hedy kikombe cha kahawa. Janelle alikuja na Annika akiwa amemshika mkono, akamwona mama yake ndani ya gari, akasimama karibu na mlango wa dereva. Annika aliuliza mbona bibi hateremki. Bibi akasema yuko kazini.

Kwenye trela, blanketi lilivutwa pembeni. Lyle alionekana mzima mzima dirishani, kiti chake kimoja kikielekea barabarani. Aliiweka mikono yote miwili mezani, akakaa hivyo.

Hedy aliinua mkono wake. Lyle akainua wake kidogo, akaurudisha mezani. Ardis hakuinua wake. Alikuja kutazama, na alitazama mpaka basi lilipofika, mtoto akapanda, na taa nyekundu za basi zikapotea kwenye ukungu.